Kontena Lisilo na Tundu Hata Moja

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, nikurudishe njiani kidogo.

Mimi ni Maluki, miaka sitini na minane, niliyetoroka nyumbani Ngoliba mara nne. Nimekuwa tanboi, yaani utingo, wa malori, mpishi Moyale, mlinzi Voi, na kwa miezi saba nilikuwa msaidizi wa mhubiri ambaye alitoroka kabla yangu. Mwaka huu nilirudi. Nikapanga chumba Landless, kule Thika, halafu dada yangu Wayua akanionyesha kona ya shamba lake akasema, "Jenga hapa, uzeeke ukiwa mahali."

Kikundi cha Wayua kilipoteza mahindi na ndengu mwaka jana. Nusu ililiwa na fukusi, nusu ikaoza kwa mvua. Wakachanga wanunue kontena kuukuu liwe ghala. Wayua akasimama kanisani: "Tumtume ndugu yangu. Mambo ya malori anayajua."

Muthoka, mweka hazina wao, akauliza, "Na akitoroka?"

Wayua akajibu mbele ya watu wote: "Akitoroka tena, mimi sina ndugu."

Na wiki jana niliungama hapa jambo ambalo hata Wayua halijui. Baba yetu alipozikwa, Wayua alikuwa hospitalini Thika, amejifungua Mutie. Mimi nilishuka stejini Ngoliba, nikasikia nyimbo za matanga, nikapanda lori lingine nikaenda zangu Garissa. Baadaye nikamwambia Wayua kwamba nilikuja kwa siri, kwa sababu ya watu waliokuwa wananitafuta, nikajificha kwenye kibanda cha mbuzi siku mbili, nikaona baba akiteremshwa.

Siku mbili. Alilia kwa furaha, akaniahidi hatamwambia mtu. Hajamwambia mtu miaka ishirini na saba.

Haya. Kontena lilikuwa limeshalipiwa, liko yadi moja ya Ruiru. Kilichobaki ni kulibeba. Kazi ya kitoto.

Asubuhi hiyo nilifika Ruiru nimevaa koti langu la safari, lile la kijivu. Dereva, Mutinda, alikuwa ameshaleta lori lake lenye kreni. Nikaning'iniza koti kebini, simu ikiwa mfukoni mwake, ili kila mtu ajue kiti cha mbele kina mwenyewe.

"Mzee," Mutinda akasema, "tunalipakia milango ikiangalia nyuma."

"Milango iangalie kebini."

"Kebini? Mbona?"

"Kijana, mimi nilikuwa tanboi wa Mombasa mpaka Malaba kabla mama yako hajaota meno. Lori likianza kutambaa mlimani, wezi wanafungua milango ya nyuma. Ukifika juu umebeba hewa."

"Lakini hii ni tupu, mzee. Hata sasa imebeba hewa."

Mwas, kijana wa yadi aliyekuwa atusindikize kama tanboi, akacheka mpaka akaweka chini grenda, ile mashine ya kukatia chuma.

"Tupu au imejaa," nikasema, "milango iangalie kebini."

"Na huko tunakoiteremsha kukoje?"

"Nimeweka mawe manne ya zege. Mbele yake kuna ukuta wa kanisa. Utaingia na kichwa kando ya mawe, utaweka, utatoka kinyumenyume."

"Kutoka mawe mpaka ukuta ni umbali gani?"

"Shubiri moja. Nimepima mwenyewe. Mwizi hapiti."

Mutinda akaniangalia, akaangalia kontena, akajikuna shingo. "Sawa. Wewe ndiye mwenye mali."

Dereva akikwambia hivyo, ameona kosa lako na ameamua hatajichosha. Wewe msomaji umeshaliona pia. Mimi niliona heshima.

Nikaingia ofisini kwa Carolyne, msichana anayeandika risiti.

"Carolyne, mama, niongezee kufuli mbili, niende na roho safi."

"Guka," akaniita babu kwa Kikuyu, "hii ni yadi ya kontena. Kufuli ziko duka la hadwea."

"Mteja mzuri haachwi aende mikono mitupu."

"Haendi mikono mitupu. Anaenda na kontena."

Hapo nikafanya kile ambacho kila mnunuzi wa Kenya anajua kufanya. Nikasimama, nikasukuma kiti, nikapandisha sauti ili hata Mutinda asikie kule nje.

"Basi yaishe! Mimi natangulia Ngoliba kivyangu. Nyinyi mtanikuta huko!"

Nikatoka kwa hatua za mtu atakayeitwa kabla hajafika getini. Hatua kumi. Ishirini. Nikapunguza mwendo ili waniwahi.

"Safari njema, guka!" Carolyne akasema dirishani.

Nilikuwa nimesahau jambo moja dogo. Ujanja wa kuondoka unafanya kazi kabla ya kulipa.

Nilisimama nyuma ya kibanda cha chai, nikimsikia Mutinda akiuliza, "Mzee ameenda kweli?" na Carolyne akijibu, "Ametangulia. Si umemsikia?"

Kurudi kupitia getini ilikuwa aibu. Nikazunguka nyuma, kuna bati moja limelegea, nikajipenyeza mpaka pale kontena letu lilipokuwa, milango wazi. Mpango wangu ulikuwa nitokee upande ule mwingine kama mtu aliyekuwa akikagua mali yake tangu mwanzo.

Na hapo nikakumbuka kwamba kukagua kwenyewe sikukagua.

Kontena kuukuu hupimwa hivi: unaingia ndani, milango inafungwa, unatafuta mwanga. Ukiona kitone kimoja cha jua, hapo ndipo mvua itapita. Kikundi niliwaambia kwamba nimepima. Ukweli ni kwamba siku ya kulipa nilikuwa nimevaa viatu vipya, na mle ndani kulikuwa na tope.

Basi nikaingia. Nikauvuta mlango wa kwanza, nikauvuta wa pili kwa ncha za vidole, mpaka ikakutana.

Giza. Nikageuka polepole, nikaangalia juu, pembeni, chini. Hakuna hata nukta. Hata vile vitundu vya hewa vya juu vimetengenezwa kwa ufundi, vinaleta pumzi bila mwanga.

"Maluki," nikajiambia kwa sauti, "umenunua kitu."

Nje nikasikia Mwas. "Wasee, nani ameacha hii bila kufunga?"

Kwa! Kwa! Vyuma vikaingia mahali pake.

"Wee! Kuna mtu huku!"

Grenda ikaanza kulia mahali fulani. Nikapiga kelele, grenda ikazidi. Halafu minyororo ikagonga juu yangu, na sakafu ikaniacha. Nilipanda hewani nikiwa nimekaa, kama chifu, nikashushwa juu ya lori milango ikiangalia kebini kabisa. Mutinda ni dereva mtiifu.

Niwaambie jinsi mtu husafiri ndani ya kontena tupu. Hakai. Lori likikata kona, unaenda kusalimia ukuta wa kushoto. Likifunga breki, unaenda mbele kuaga. Nilisafiri na magoti, na viwiko, na sehemu moja nilisafiri na meno.

Nikapiga kelele barabara yote kubwa ya Thika. Kwa nini wenye magari wasimsikie mzee mzima anayelia? Kwa sababu mimi mwenyewe nilichagua kontena lisilo na tundu. Kufikia Thika sauti ilikuwa imebaki nusu, na hiyo nusu ilikuwa na mchanga.

Tukasimama. Nikasikia watu wakipiga soga, muziki wa duka, harufu ya mayai ya kuchemsha ikaingia juu. Makongeni, mtaa wa hapo Thika. Mwas alikuwa ameruka chini kununua.

"Nipee mawili na kachumbari," nilimsikia, karibu kama wewe na hili gazeti.

Nafasi ndiyo hii. Nikagonga ukuta kwa nguvu zangu zote.

Pa! Pa!

Aliyewahi kuwa tanboi ameshanicheka. Pigo moja kwenye bodi ya lori, dereva anasimama. Mapigo mawili, dereva anaenda. Mkono wangu uligonga malori miaka kumi na tisa, na kwa kuwa mimi siku zote nilikuwa na haraka ya kuondoka, ulizoea mawili.

"Haya, twende!" Mutinda akasema, gia ikaingia.

"We! We, Mutinda! Bado nalipa!" Mwas akakimbia, nikamsikia akijitupa juu, akihema. "Umeniacha mbona?"

"Si umegonga?"

"Nani amegonga? Mimi niko na yai mdomoni!"

"Nimesikia mbili."

"Basi umegongewa na yai."

Wakacheka wote wawili mpaka tukapita njia ya Garissa. Mimi pia ningecheka, lakini nilikuwa nimeshafika ukuta wa kulia.

Barabara ya vumbi niliitambua kwa mgongo. Halafu nikasikia nyimbo, vigelegele, akina mama wa kikundi. Kontena limefika! Dada yangu alikuwa akiimba kuliko wote, na sauti yake ina ufa katikati tangu utotoni, huwezi kuikosea. Nikamwita. Nilichotoa ni mlio wa jogoo mgonjwa, na kreni ilikuwa imeshaanza kunguruma.

Nikashushwa. Mawe yangu manne yakanipokea vizuri, bila kutikisika. Nyimbo zikaendelea kidogo, halafu zikaisha moja moja, kama watu wanaoondoka kwenye mkutano.

"Milango iko wapi?" Hiyo ilikuwa sauti ya Muthoka.

Miguu ikazunguka kontena. Upande huu, upande ule.

"Mama Mutie," Muthoka akamwita Wayua, "njoo uone. Ndugu yako ametununulia sanduku lisilofunguka."

"Milango iko," Mutinda akajibu kutoka kebini, injini ikinguruma polepole. "Inaangalia kanisa. Mzee aliagiza hivyo."

"Sasa tutaingiza ndengu kupitia kwa mchungaji?"

"Mimi nimefanya nilivyoambiwa. Na kuigeuza ni kazi nyingine, saa hizi naitwa Ruiru. Mwas, toa minyororo ya mwisho, unipe ishara twende."

"Maluki yuko wapi?" Wayua akauliza.

"Si alitangulia?" Mutinda akasema. "Tangu asubuhi. Aligombana na watu wa ofisi kuhusu kufuli akaondoka."

"Hajafika hapa."

"Basi mimi sijui, mama. Koti lake ndilo hili. Simu imelia njia nzima. Chukua."

Ndengu zao zilikuwa zimeshapurwa, ziko kwenye maturubai uwanjani, na mimi mwenyewe asubuhi nilikuwa nimeona mawingu.

Muthoka hakuinua sauti. Watu wa aina yake wakishinda huwa wapole.

"Mama Mutie, mimi sikutaka iwe hivi. Ameona ameharibu, ameenda, kama zile mara zingine nne. Lakini ulisema neno kanisani. Akitoroka tena, wewe huna ndugu. Ulisema mwenyewe."

Nilikuwa na mkono juu, tayari kugonga. Injini ilikuwa chini, wangenisikia bila shida. Ningemaliza mambo pale pale.

Sikugonga.

Nimetoroka mara nne, na mara zote nne sikuwepo kusikia kinachosemwa nikishaondoka. Hakuna mtorokaji anayekisikia. Nikaweka sikio kwenye chuma kama mpumbavu, nikangoja.

"Hajatoroka," Wayua akasema.

"Mama Mutie..."

"Muthoka, mimi ndiye nilikuwa naamka asubuhi na kuona msumari mtupu. Mara ya kwanza, koti halipo. Ya pili, koti halipo. Maluki anaweza kuacha mke, anaweza kuacha chakula mezani, lakini hajawahi kuacha koti." Ile sauti yenye ufa ikapasuka kabisa. "Huyu mtu amepatwa na kitu. Mwenye lori, tafadhali, unirudishe nalo Ruiru. Nianzie polisi, nikose huko, niende hospitali. Ndugu yangu ameumia mahali."

Hapo msomaji, nilisahau ujanja wote. Macho yangu yalijaa machozi, na mkono wangu ukapiga ukuta kwa nguvu zote zilizobaki.

Pa! Pa!

"Haya!" Mutinda akasema, akidhani mama ameshapanda na Mwas ametoa ishara, injini ikanguruma, na lori lenye kreni, kitu pekee hapo Ngoliba kinachoweza kugeuza kontena, likaondoka kinyumenyume.

"Mutinda, sijatoa ishara!" Mwas alikuwa akipiga kelele, minyororo ikiburutwa. "Sijagonga mimi! Ngoja!"

Sauti zao zikafifia barabarani.

Halafu mama mmoja akasema polepole, "Kumegongwa ndani."

Watu wakarudi nyuma, nikasikia viatu.

"Mwizi!" Muthoka akasema. "Amejificha ndani tangu Ruiru. Anangoja tujaze ndengu."

"Tuzijaze kupitia wapi, Muthoka?" Wayua akamjibu. Hatua zake zikaja karibu. "Nani huko?"

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Ni mimi, Maluki." Yaani nilisema moyoni. Mdomoni kulitoka upepo na kikohozi. Sauti yangu ilikuwa imeishia mahali fulani kati ya Juja na Thika.

"Hasemi," Muthoka akasema. "Maluki angesema. Maluki amewahi kunyamaza lini? Vijana wachukue majembe. Na mtu alete makaa na pilipili kavu, tupitishe moshi pale juu kwenye vitundu. Atasema."

"Hakuna anayeleta moshi hapa mpaka nimalize."

Nikasikia kiganja chake kikiwekwa kwenye chuma. Nikaweka changu hapo hapo, upande wangu. Bati lilikuwa na joto la jua.

"Maluki," akasema, mdomo wake karibu kiasi cha kusikia pumzi. "Kama ni wewe na huwezi kusema, kuna jambo tunalijua wawili tu. Baba alipozikwa. Gonga zile siku ulizokuwa hapa nyumbani."

Nikakitoa kiganja changu ukutani.

Muthoka akacheka, si kwa ubaya. "Mazishi ya mzee? Mama Mutie, mimi nilichimba lile kaburi kwa mikono yangu. Maluki hakuwepo."

"Nyamaza. Alikuwepo."

"Hakuwepo, mama. Kila mtu hapa anajua."

"Alikuwepo! Nimeficha miaka ishirini na saba kwa sababu aliniomba. Leo sifichi. Alilala kibandani na mbuzi ili amzike baba yake. Mkisema anatoroka, mkumbuke hilo." Akagonga chuma kwa kiganja, pole pole, kama mtu anayeamsha mtoto. "Gonga, mtoto wa mama. Gonga wakusikie."

Uwanja wote ukasogea karibu. Hata kuku.

Jibu la kweli lilikuwa rahisi. Siku ambazo sikuwepo hazigongwi. Ningeshusha mkono, nikae kimya, na Muthoka angekuwa amesema kweli mbele ya kijiji, na makaa yangewashwa, na Wayua angebaki na koti mkononi akiwa amemtetea mtu ambaye hayuko ndani wala hakuwepo kaburini.

Jibu la uongo lilikuwa mapigo mawili.

Na mkono wangu, huu wa tanboi, usiojua kugonga namna nyingine, ulikuwa umeshainuka.